Kitanda Chenye Masharti

Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Grants Pass, mji wa jimbo la Oregon wenye wakazi wasiofika elfu arobaini. Majaji sita kwa watatu waliamua kuwa mji huo unaruhusiwa kumtoza faini mtu anayelala nje na blanketi lake, hata kama hana pengine pa kwenda. Faini ilianzia dola 295, na aliyetozwa ni mtu asiye na nauli ya basi. Hayo yalijadiliwa sana. Mimi nilibaki kwenye takwimu moja aliyoitaja Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika hukumu ya walio wengi: kule Portland, kati ya Aprili 2022 na Januari 2024, watu wanaolala mitaani walipewa nafasi ya kitanda mara 3,500 hivi, na zaidi ya asilimia 70 ya nafasi hizo zilikataliwa.

Takwimu ya namna hii ni tamu kwa mwanasiasa yeyote. Serikali imetoa, mtu kakataa, basi maisha ya barazani kayachagua mwenyewe na sasa aachiwe polisi. Hoja hiyo hiyo inasikika, kwa maneno mengine, katika ofisi za serikali za mitaa Dar es Salaam na kwenye vikao vya familia Mombasa: tumempeleka soba hausi aache unga, katoroka, tumemwambia arudi nyumbani, hataki, tufanye nini zaidi? Swali ni la haki, na wanaouliza wamechoka kwelikweli. Ila kabla ya kulijibu inabidi tujue mtu huyo alikataa kitu gani hasa, na hilo ndilo ambalo takwimu ya Portland haisemi.

Turudi Grants Pass kwenyewe. Makao ya watu wazima yaliyokuwapo pale yaliendeshwa na misheni ya Kikristo. Anayetaka kulala humo alitakiwa ahudhurie ibada, afanye kazi za makao bila malipo kwa saa nyingi kila wiki, na aache sigara, pombe na dawa zote za kulevya. Sina ugomvi na misheni. Nyumba ni yao na pesa ni zao. Lakini mpe masharti hayo mtu ambaye mwili wake unadai fentanili kila baada ya saa chache, halafu akisema hapana uandike kwenye fomu kwamba amekataa nyumba. Fomu hiyo itakuwa imedanganya mara mbili, maana kilichotolewa hakikuwa nyumba, na aliyekataa hakukataa paa.

Watu wasiowahi kumwona mtu akiwa na arosto hudhani ni hamu, kama hamu ya chai asubuhi. Heroini ikianza kuisha mwilini, baina ya saa sita na kumi na mbili tangu kipimo cha mwisho, pua hutiririka, tumbo hukata, mtu hutapika na kuharisha kwa wakati mmoja, mifupa huingiwa na baridi hata kama nje ni joto la Januari la Dar, na miguu hurusha mateke yenyewe. Fentanili, ambayo imekwisha kuifukuza heroini katika miji mingi ya Marekani na Kanada, hukata mapema zaidi. Sasa fikiria bweni ambalo lango lake hufungwa jioni na kufunguliwa alfajiri, vitanda vimepangwa safu, choo ni cha watu thelathini. Anayeingia humo anajua saa yake ya kuugua, na anajua atakuwa ndani. Kwa hiyo anachoulizwa pale barabarani, ukiondoa maneno ya adabu, ni kama yuko tayari kuharisha mbele ya wageni usiku wa leo ili apate godoro. Wengi wanasema hapana. Mtu mwenye akili timamu na asiye mraibu naye angesema hapana.

Kwa mlevi wa pombe mambo ni mabaya zaidi. Aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatizwa ghafla bila daktari, anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Arosto ya heroini ni mateso, lakini kwa kawaida haiui. Ya pombe inaua. Sharti la kutokunywa, likiwekwa mlangoni pasipo tabibu, ni hatari ya kitabibu iliyovikwa joho la nidhamu. Sijaona mahakama yoyote ikiliandika hilo.

Kuna sababu nyingine ambazo hazina uhusiano wa moja kwa moja na unga, na ndizo zinazopuuzwa zaidi kwa kuwa zinaonekana ndogo. Mke na mume, au wapenzi, hutenganishwa: bweni la wanaume huku, la wanawake kule. Kwa mwanamke anayelala nje, yule mwanaume aliye naye huenda ni mlinzi wake dhidi ya wanaume wengine wote, na mara nyingi ndiye anayemdunga sindano yeye akishindwa kuipata mishipa. Huenda pia ndiye anayempiga. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, na anayemwambia mwanamke huyo aachane naye usiku huu huu hajui anachomwomba. Mbwa haruhusiwi. Mizigo inayozidi mifuko miwili haipokelewi, na mizigo ile ina hema, jiko la gesi, vyeti, picha za watoto. Ukikubali kitanda, hema linatupwa kwenye lori la taka. Ukifukuzwa kitandani baada ya wiki kwa kuchelewa kurudi, unarejea mtaani bila hema. Aliyewahi kupitia hayo akipewa nafasi tena hupiga hesabu upya, na hesabu yake ni sahihi.

Kisha kuna hofu, ambayo ina historia ndefu. Katika New York ya mwisho wa miaka ya 1970 mwanasheria kijana, Robert Hayes, alifungua kesi kwa niaba ya watu waliokuwa wakilala mitaa ya Bowery. Mdai wa kwanza alikuwa Robert Callahan, mraibu wa pombe. Kesi ilimalizika kwa makubaliano ya mwaka 1981 yaliyolilazimisha jiji kumpa kitanda kila mwanaume asiye na makazi anayekiomba. Callahan hakuyaona, alikufa mtaani kabla hayajatiwa saini. Jiji lilitekeleza wajibu wake mpya kwa njia iliyokuwa karibu, yaani kujaza vitanda katika maghala makubwa ya mazoezi ya kijeshi. Lile la Fort Washington, kaskazini mwa Manhattan, lilifika kulaza wanaume elfu moja hivi katika ukumbi mmoja. Wizi, vipigo na kifua kikuu vilikuwa mambo ya kila siku, na watu walijifunza kulala na viatu vimebanwa chini ya miguu ya kitanda. Haki ya kitanda ikawa imepatikana na watu wakaendelea kulala kwenye vituo vya treni. Maofisa walishangaa. Ingefaa wajue kwamba wengi wa waliokataa walikuwa wamekwisha kulala humo.

Mtu aliyeacha kushangaa na kuanza kuuliza alikuwa mwanasaikolojia Sam Tsemberis. Kazi yake ya awali ilikuwa kuzunguka mitaani akiwachukua wagonjwa wa akili waliolala nje na kuwapeleka hospitali ya Bellevue. Aliona watu wale wale wakirudi kwenye kona zile zile. Mwaka 1992 alianzisha mpango wa Pathways to Housing, akiwa na wazo ambalo wenzake waliliona la kihuni: badala ya kumtaka mtu awe safi kwanza, atibiwe kwanza, athibitishe kwanza, mpe funguo. Chumba chake mwenyewe, kwenye jengo la kawaida, kwa mwenye nyumba wa kawaida, kwa mkataba wa upangaji. Masharti yalikuwa mawili tu ya maana: alipe asilimia 30 ya kipato chake kama kodi, na amkubali mhudumu anayemtembelea. Akiendelea kutumia, ni mpangaji anayetumia.

Katika utafiti wa New York ambao uliwagawa watu 225 kwa bahati nasibu, wale waliopewa nyumba bila sharti la kuacha walidumu ndani yake kwa kiwango cha takriban asilimia 80. Hao walikuwa watu walewale ambao mfumo wa zamani uliwaandika kuwa hawataki nyumba. Kanada ikaona bora ijaribu yenyewe kwa ukubwa zaidi: kuanzia 2009 hadi 2013 watu zaidi ya elfu mbili katika Vancouver, Winnipeg, Toronto, Montreal na Moncton waliingizwa katika jaribio lililogharimu dola za Kanada milioni 110. Matokeo yalifanana. Swali likibadilishwa, jibu linabadilika.

Ningependa niishie hapo, kama wanavyoishia watetezi wengi wa sera hii. Haitakuwa haki kwa msomaji. Utafiti huo huo wa Kanada ulionyesha kwamba matumizi ya pombe na dawa hayakupungua kwa maana kubwa kuliko katika kundi la kulinganishwa. Nyumba ilitibu ukosefu wa nyumba. Uraibu ulihitaji kingine. Wapinzani wa sera wameishika sentensi hiyo kama silaha, na amri ya rais wa Marekani ya tarehe 24 Julai 2025, iliyoelekeza serikali iache kuunga mkono utaratibu huo wa kutoa nyumba kwanza na ipanue uwezo wa kuwaweka watu kizuizini kwa matibabu, imejengwa juu yake. Kosa la hoja yao ni kudai dawa moja itibu magonjwa mawili, na ikitibu moja waseme haifanyi kazi. Ila kosa hilo halifuti ukweli kwamba wapo wanaokataa hata nyumba nzuri, yenye ufunguo, isiyo na ibada wala saa ya kufunga lango.

Hao ndio wanaonivutia zaidi, kwa sababu kwao maelezo ya masharti hayatoshi.

Chukua Boston. Daktari Jim O'Connell amekuwa akizunguka mitaa ya jiji hilo usiku tangu mwaka 1985, na anawajua wanaolala nje kwa majina. Yeye na wenzake waliwafuatilia watu 73 waliokuwa wamelala nje kwa muda mrefu na ambao walianza kupewa nyumba mwaka 2005. Mwaka wa kwanza ulipita wakiwa asilimia 82 bado wamo ndani, jambo la kutia moyo. Baada ya miaka mitano walibaki asilimia 36, baada ya kumi, 12. Karibu nusu ya wote walifariki wakiwa wapangaji. Walikuwa wagonjwa sana walipopewa funguo. Uchunguzi mwingine wa Boston uliwahi kuonyesha kwamba wanaolala nje kabisa hufa kwa kiwango kinachokaribia mara kumi ya watu wazima wengine wa jimbo. Wengine walipoteza nyumba zao wakahamishwa, wakapoteza na ya pili. Mara nyingi mpangaji hakupoteza nyumba kwa kosa lake mwenyewe. Waliokuwa wakilala naye nje walimfuata, wakahamia sebuleni, kelele zikazidi, mwenye nyumba akaita polisi. Angewezaje kuwafungia mlango? Usiku wa baridi wa mwaka uliotangulia wao ndio waliomfunika.

Upweke ni neno linalotajwa sana katika tafiti hizi, kwa namna ambayo inaufanya uonekane kama huzuni ndogo ya jioni. Kwa mraibu wa fentanili upweke ni suala la pumzi. Aliyezidisha kipimo barabarani ana nafasi: yupo jirani mwenye naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha kipimo, yupo wa kupiga kelele, yupo wa kumpulizia mdomoni. Aliyezidisha kipimo chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, hukutwa baada ya siku mbili kwa harufu. Katika vyumba vya hoteli za kale za Downtown Eastside, Vancouver, na zile za Tenderloin, San Francisco, ambako masikini wengi hupangishwa kimojakimoja, vifo vya namna hiyo ni vingi mno. Watu wa mitaa hiyo wanajua nani alifia chumba namba ngapi. Anapokuja mhudumu mwenye tabasamu na kumwambia mmoja wao kwamba amempatia chumba kwenye jengo lile lile, hapana yake ni ya mtu aliyehudhuria mazishi. Vancouver ilifungua kituo cha Insite mwaka 2003 ili watu wajidunge mbele ya wauguzi. Somo lake limechelewa kuingia kwenye sera za nyumba: kama chumba hakina mtu wa kugonga mlango, kwa baadhi ya watu chumba ni hatari kuliko baraza.

Na kuna kipato. Mtu ana kona yake ya kuomba, ana wateja wa makopo matupu, anajua ni lini mkahawa gani hutoa mabaki, anajua muuzaji asiyechanganya vibaya. Nyumba inayotolewa mara nyingi iko pembezoni mwa jiji kwa sababu ndiko kodi ilikoshuka. Kuhamia huko ni kufukuzwa kazi.

Sababu ya mwisho ni ngumu kuipima na pengine ndiyo kubwa. Mtu aliyekwishaambiwa hafai kwa miaka ishirini huona nyumba kama mtihani mwingine wa kufeli, na wa safari hii utakuwa na mashahidi. O'Connell alipoanza kazi, muuguzi Barbara McInnis alimkataza kutumia stetoskopu na kumpa beseni la maji: kaa chini, osha miguu ya hawa watu, usiseme kitu. Tracy Kidder amesimulia hayo katika kitabu chake cha 2023 juu ya daktari huyo. Baadhi yao walioshwa miguu kwa miezi kabla ya kukubali kupimwa, na wengine kwa muda mrefu zaidi kabla ya kukubali chumba. Afisa wa Portland anayepita na fomu asubuhi moja, nyuma yake limesimama lori la kubomoa mahema, anauliza swali lile lile. Hawezi kupata jibu lile lile.

Kwetu, katika mwambao huu, jambo lina sura yake. Heroini ilipita kwenye bandari zetu tangu miaka ya 1980, ikabaki. Mwanzoni watu waliivuta, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 sindano ikaingia. Wengi wa wanaolala maskani za Dar es Salaam, Unguja au Mombasa si watu wasio na kwao kwa maana ya Marekani. Wana kwao. Nyumba ya baba ipo Temeke, ipo Ng'ambo, ipo Likoni, na pengine chumba chake kipo bado. Hawalali humo. Tunachowapa sisi ni vitu viwili, kurudi nyumbani au soba hausi, na vyote viwili hukataliwa mara nyingi kuliko familia zinavyopenda kukiri.

Nyumba ya familia haina afisa wala fomu, ila ina masharti makali kuliko bweni lolote la New York. Mtungi wa gesi uliouzwa, simu ya dada, mabati ya mjomba, pesa za mchango wa msiba: kila kimoja kina mwenyewe na kila mwenyewe yupo sebuleni. Mama humsihi arudi. Kaka mkubwa naye hubadilisha kitasa. Vijana wengi husema, wakiwa na uso mkavu kabisa, kwamba wanakaa mbali ili wasimwibie mama tena. Ukilisikia mara ya kwanza unadhani ni kisingizio. Mimi nimeacha kudhani hivyo. Mtu anayejua kwamba saa tano usiku arosto itamwamsha, na kwamba kitu cha kwanza cha thamani kilicho karibu ni pochi ya mama chini ya mto, akiamua kulala kwenye kibaraza cha duka, uamuzi huo una uungwana ndani yake. Hauondoi madhara aliyokwisha kuyafanya. Lakini haumfanyi kuwa mtu anayependa kulala nje.

Soba hausi nazo zinastahili kusemwa kwa uangalifu, kwa sababu zimeokoa watu ambao hakuna aliyewatarajia wapone. Zilizoanza kuenea Zanzibar mwishoni mwa muongo wa 2000, na zile za Bara na pwani ya Kenya, nyingi zimeanzishwa na watu waliokuwa wakitumia wenyewe. Wanajua kila hila ya mgeni anayeingia. Nguvu yao ni kuacha kabisa, kwa hatua kumi na mbili, pamoja na wenzako, miezi mitatu au minne au zaidi. Udhaifu wao ni huo huo. Arosto mara nyingi hupitishwa bila dawa, geti limefungwa. Ada hulipwa na familia, kwa hiyo anayeamua kama kijana aingie si kijana, na anayejua kwamba baba amekopa ili amlipie huingia akiwa na deni kabla hajaingia na nia. Wanawake wana nafasi chache mno, na wenye watoto karibu hawana kabisa. Na palipo na msimamo kwamba methadoni, dawa inayotuliza arosto, ni unga kwa jina lingine, anayetumia methadoni hana mahali.

Hilo la mwisho linaniudhi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara ukiacha visiwa, kwa juhudi za madaktari kama Jessie Mbwambo. Kenya ikafuata katika hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Kisauni. Methadoni hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, na ikikaa sawa mwilini arosto huisha, ile saa tano ya usiku huacha kutisha. Yaani tatizo linalomfanya kijana akimbie nyumba ya mama lina dawa. Lakini dawa iko kliniki, kliniki inafunguliwa asubuhi, na anayelala mbali nayo lazima apate nauli kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Wale wanaolala maskani iliyo karibu na kliniki wana faida kuliko wale waliokubali kurudi kwao mbali. Ukimhamisha mtu kutoka karibu na dawa yake kwenda karibu na ndugu zake, umemfanyia hisani inayoweza kumrudisha kwenye kete ndani ya wiki.

Wapo wanaosema, na katika kila mkutano wa hadhara wanapigiwa makofi: wakamatwe wote, wafungiwe, watapona kwa lazima. Utafiti wa mwaka 2007 katika jimbo la Washington uliwafuatilia wafungwa waliotoka jela na kukuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa kwa kuzidisha kipimo ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Sababu yake inaeleweka na kila teja wa zamani anaweza kukueleza: mwili umesahau, mkono haujasahau, mtu anarudi kwenye kipimo cha zamani. Kumfungia mtu miezi mitatu kisha kumwachia getini bila methadoni, bila chumba, ni kumpangia tarehe. Misako ya maskani inafanya jambo kama hilo kwa kiwango kidogo. Inawatawanya watu mbali na wahudumu wanaowafahamu, na inachukua miezi kuwapata tena.

Majirani wana madai yao na si ya kudharauliwa. Hakuna anayetaka sindano kwenye uchochoro anaopita mtoto wa shule ya awali. Finland, ambayo ndiyo nchi iliyokwenda mbali zaidi katika kutoa nyumba bila masharti, haikuwaomba majirani wavumilie tu. Majengo yake ya makazi yana watumishi usiku na mchana, na malalamiko ya mtaa ni sehemu ya kazi yao. Helsinki mwaka 1985 ilikuwa na vitanda 2,121 katika mabweni ya muda. Mwaka 2016 vilibaki 52, kwa sababu mabweni yaligeuzwa kuwa vyumba vya kupanga vyenye jiko na choo chake. Nchi ile ina fedha ambazo sisi hatuna, na baridi ambayo hatuna pia. Kule kulala nje Februari ni kufa. Sipendekezi tuige majengo. Ninachokipenda kwao ni kwamba hawakumhesabu mtu aliyelikataa bweni kama aliyeikataa nyumba.

Kwa hapa, ningeanza na vyumba vichache vya kupanga, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kliniki za methadoni, kwa miezi ile ya mwanzo ambayo kipimo bado kinatafutwa na mtu bado anayumba. Kodi ya vyumba vya uani Temeke au Kisauni si kubwa ukiilinganisha na ada ambazo familia hulipa soba hausi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Pawe na chumba cha mtu na mwenza wake. Pawe na cha mama na mtoto. Pawe na mtu anayelala hapo hapo, mwenye naloksoni na ruhusa ya kugonga mlango, na ikiwezekana awe mtu aliyewahi kutumia. Asiulizwe mpangaji kama ameacha. Aulizwe kama amekunywa dawa yake leo. Na kabla ya kutafuta vyumba hivyo, wakaulizwe kwanza wale waliokwisha kutoroka soba hausi mara mbili au tatu, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni saa ngapi za usiku mtu huruka ukuta, na anapouruka anaelekea wapi.